Kani, Nguvu na Uzito: Historia Fupi ya Maneno ya Mwendo

Utangulizi

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri ukurasa mmoja wa kitabu cha fizikia cha shule ya sekondari. Ukurasa ulihusu kani na mwendo. Nilipokusanya kazi zao niligundua mambo mawili. Kwanza, maneno manne tofauti ya Kiingereza yalikuwa yametafsiriwa yote kwa neno moja, "nguvu". Pili, maneno mawili ambayo mwanafizikia hathubutu kuyachanganya yalikuwa yote "uzito". Mwanafunzi mmoja, tena hodari, aliandika chini ya karatasi yake kwamba Kiswahili bado hakijakomaa kiasi cha kubeba fizikia. Sikumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu, na ni jibu la kihistoria. Nataka kuonyesha kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na istilahi za fizikia mkononi, na kwamba lugha zinazosifiwa leo zilipitia mkanganyiko uleule.

Kabla ya Newton

Aristotle wa Ugiriki, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa au kuvutwa, na kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Mtu yeyote aliyewahi kukokota mkokoteni anaweza kumwamini, kwani ukiuachia husimama. Aristotle hakutenganisha mwendo wenyewe na msuguano unaouzuia mwendo huo.

Wa kwanza kumpinga kwa hoja nzito alikuwa mtu wa bara letu. John Philoponus, aliyeishi Alexandria, Misri, katika karne ya 6, alieleza kwamba ukiangusha kutoka kimo kimoja vitu viwili vyenye uzito unaotofautiana sana, tofauti ya muda wa kufika chini huwa ndogo mno. Tena alisema kuwa anayerusha jiwe hulipa jiwe lenyewe uwezo wa kuendelea. Ibn Sina (980-1037) aliendeleza wazo hilo kwa Kiarabu: kitu kilichorushwa hupata mwelekeo ambao haupotei mpaka kizuiwe na kitu kingine.

Hapa mwalimu wa Kiswahili asimame kidogo. Neno ambalo wanafalsafa wa Kiarabu walilitumia kwa maana ya mwendo ni "haraka". Neno hilo lilipoingia katika lugha yetu lilibeba maana ya wepesi, na ndiyo maana tunasema haraka haraka haina baraka. Sauti ni ileile, lakini dhana imehama. Basi kuwa na neno ni jambo moja, na kukubaliana juu ya maana yake ni jambo jingine.

Galileo Galilei (1564-1642) ndiye aliyeleta vipimo. Alivingirisha gololi ya shaba katika mfereji uliochongwa kwenye ubao ulioinama, akapima muda kwa kupima maji yaliyochuruzika kutoka chomboni. Aligundua kwamba katika vipindi vya muda vinavyolingana, umbali unaopitwa hufuata hesabu ya 1, 3, 5, 7. Kitabu chake cha mwisho kuhusu mwendo kilichapwa Leiden mwaka 1638. Humo mazungumzo yako kwa Kiitaliano, lugha ya watu wake, na nadharia za hesabu kuhusu mwendo ziko kwa Kilatini. Wenzangu wanaochanganya lugha mbili darasani wasione haya. Wana mtangulizi mkubwa.

Newton na fasili zake

Isaac Newton alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1687, kwa Kilatini. Watu wengi wanazijua sheria zake tatu. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya sheria hizo aliweka fasili nane, maana alijua kuwa maneno ya kawaida yangemwangusha. Tazama malighafi aliyokuwa nayo. "Inertia" katika Kilatini cha kawaida ilikuwa uvivu. Kepler ndiye aliyelitumia kwanza kwa ukaidi wa kitu kukataa kusogezwa. "Massa" lilikuwa bonge, na asili yake ya Kigiriki ni mkate wa shayiri. Na neno "vis", yaani nguvu, Newton alilitumia hata kwa uvivu huo wa kitu, jambo ambalo mwalimu wa leo angelisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mkanganyiko haukuisha hapo. Mwaka 1686 Leibniz alianzisha ubishi kuhusu kipimo cha kweli cha "nguvu" ya kitu kilicho mwendoni, na wataalamu wa Ulaya wakagombana kwa miongo mingi. Baadaye ilionekana kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa ya neno: upande mmoja ulizungumzia kile tunachokiita leo momenta, na upande wa pili ulikaribia nishati. Thomas Young ndiye aliyependekeza neno la Kiingereza la nishati kwa maana ya kisayansi, mwaka 1807, miaka 120 baada ya kitabu cha Newton. Kwa hiyo mwanafunzi wangu aliyeandika "nguvu" mara nne yumo katika msafara wa watu wenye heshima.

Kiswahili nacho

Je, Kiswahili kina nini? Mwaka 1967 Tanzania ilifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi, sayansi ikiwemo, na mwaka huohuo BAKITA iliundwa. Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Leo tunazo kani, nishati, tungamo, uzito, msuguano na mchapuko. Kani halikuletwa kwa meli. Ni neno la zamani lenye maana ya nguvu na ushupavu, likapewa mipaka mipya, kama vile uvivu wa Kilatini ulivyopewa.

Tuyajaribu maneno hayo. Boda boda ikifunga breki ghafla, abiria husukumika mbele, kwa kuwa mwili wake unaendelea na mwendo uliokuwa nao: hiyo ni sheria ya kwanza. Mtu mwenye tungamo la kilo 50 huvutwa na dunia kwa kani ya newton 490 hivi, yaani 50 mara mchapuko wa 9.8. Kani hiyo ndiyo uzito wake. Akifika mwezini uzito utashuka hadi newton 80 hivi, ila tungamo litabaki kilo 50: hapo sheria ya pili inatutenganishia maneno mawili. Na mvuvi anayesukuma chini ya maji kwa upondo husukumwa naye mbele pamoja na mtumbwi: hiyo ni ya tatu. Sijakwama popote kwa kukosa neno.

Hitimisho

Nakiri kwamba tatizo lipo. Mwalimu mmoja husema tungamo, mwingine masi. Mmoja kani, mwingine nguvu. Sokoni tutaendelea kuuliza uzito wa mchele kwa kilo, wala si kosa, kwani hata Waingereza hufanya hivyo. Darasani, hata hivyo, istilahi isiyofasiliwa na kutumiwa hufa ndani ya kamusi. Hapa kwetu Uganda, ambako wengi hukutana na Kiswahili shuleni kabla ya kukikuta nyumbani, kazi hiyo ni yetu sisi walimu. Zoezi la muhula ujao litakuwa ukurasa uleule. Safari hii nitaanza kama Newton alivyoanza, kwa fasili.