Pombe ndani ya neno la harusi

Maduka ya magauni ya harusi, Dar es Salaam hata Nairobi, huandika "bridal" mlangoni, na mpita njia huelewa tu kwamba humo mna vitu vya bibi harusi. Asili yake ni nyingine. Katika Kiingereza cha kale, brýd ni bibi harusi na ealu ni pombe ya shayiri. Yalipoungana yakawa brýdealo, yaani karamu ya ndoa, ambayo bila pombe haikuwa karamu.

Mojawapo ya karamu hizo iliingia katika historia kwa ubaya. Mwaka 1075 Ralph, mtawala wa East Anglia, alimwoa Emma, dada yake Roger wa Hereford. Mfalme William, Mnormandi aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, alikuwa ng'ambo, Normandy. Katika karamu hiyo wakubwa walipanga njama ya kumpindua, naye Waltheof, mtawala wa Northumbria, akajikuta kati yao. Uasi ulishindwa. Roger alifungwa, Waltheof, ingawa aliungama mapema, alikatwa kichwa Winchester tarehe 31 Mei 1076. Ralph alikimbia, akamwachia mkewe ngome ya Norwich. Huyo Emma ndiye ninayemstaajabia: alilizuia jeshi la mfalme lisiingie, hadi akapewa ruhusa ya kuondoka salama. Kumbukumbu za Kiingereza za zama hizo ziliita sherehe ile brýdealo, na mwandishi wa kumbukumbu hizo akalitia vina neno hilo pamoja na neno la maangamizi.

Vijijini mambo yalikuwa ya heri zaidi. Kufikia karne ya 16, pombe ya harusi ilipikwa ili iuzwe, na majirani walilipa kwa ukarimu ili maharusi wapate cha kuanzia maisha. Kamati zetu za michango zingeuelewa utaratibu huo mara moja. Ulevi ulizidi, hivyo huko Halesowen, enzi za Malkia Elizabeth I, baraza la mji likaweka kikomo cha kimea ambacho wenye harusi wangeweza kupikia.

Matamshi ndiyo yaliyoizika pombe. Ealu ilifupishwa mpaka ikabaki "-al", ikafanana na mwisho wa maneno ya sifa yaliyotoka Kilatini na Kifaransa, kama "nuptial". Wasemaji wakalichukua lote kuwa neno la sifa, wakaanza kulitanguliza mbele ya gauni, shada na chumba.