MITI ILIYOTAWANYIKA NA UANUWAI WA MIMEA KATIKA MBUGA ZA KATAVI: MTAZAMO WA KIHISTORIA

Mbuga za Katavi, zilizo kusini mwa mji wa Mpanda, huelezwa mara nyingi kuwa ni pori lisiloguswa. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba miti michache iliyosimama katika nyasi hizo, pamoja na mimea inayoota chini yake, ni zao la maumbile na vilevile la maamuzi ya wanadamu.

Mti uliosimama peke yake hubadilisha ardhi iliyouzunguka. Kivuli chake hupunguza joto la udongo, majani yake huoza na kuwa mbolea, na ndege wanaotua matawini hudondosha mbegu zilizotoka mbali. Katika mabonde yanayofurika masika, miti mingi huota juu ya vichuguu, mahali ambapo mizizi haizami majini. Utafiti wa A. J. Belsky na wenzake huko Tsavo, Kenya, uliochapishwa mwaka 1989, ulibainisha kwamba nyasi chini ya migunga na mibuyu zilistawi kuliko zile za uwanda wazi, na kwamba aina zake zilitofautiana. Kwa hiyo mbuga yenye miti michache hubeba jamii mbili za mimea: ya kivulini na ya juani. Miti ikizidi na kufungamana, jamii ya juani hukosa mwanga na kupungua.

Wenyeji walikuwa na sababu zao za kuuacha mti usimame. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju unaoaminiwa kuwa makazi ya Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye hifadhi imepewa jina lake. Watu huweka sadaka shinani pake. Mti wa tambiko haukatwi, na uhai wa mimea iliyo chini yake hulindwa pamoja nao.

Utawala wa Waingereza ulileta mabadiliko makubwa. Kuanzia miaka ya 1920, ili kupambana na malale, wakazi wa magharibi mwa Tanganyika walihamishwa na kukusanywa katika makazi makubwa, na vichaka vinavyohifadhi mbung'o vikafyekwa kuyazunguka. Athari zilikuwa za pande mbili. Makazini miti ilipungua. Mahameni, ambako jembe na shoka havikufika tena, vichaka vilipata nafasi ya kurudi.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na mwaka 1998 ilipanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Nje ya mipaka yake, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi huko Katumba na Mishamo, ujio wa wafugaji wa Kisukuma, na kilimo cha mpunga na tumbaku viliongeza mahitaji ya ardhi na kuni. Mkulima mwenye familia ya kulisha hawezi kulaumiwa kwa kuona shamba mahali ambapo mtafiti anaona kivuli.

Hivyo basi, mpaka wa hifadhi pekee hautoshi kulinda uanuwai huo. Mkwaju wa Katabi ulikuwa na walinzi kabla ya kuwapo askari wa wanyamapori, na walinzi hao walikuwa wanakijiji. Mpango wowote wa kuibakiza miti mashambani utafaulu pale tu mwenye shamba atakapokuwa na sababu yake mwenyewe ya kuuacha mti usimame.