Ukuta Mwembamba wa Dubrovnik



Leo tuongee juu ya mji wa Dubrovnik, katika inchi ya Kroatia, kando ya bahari ya Adriatiki. Zamani mji huo ulijitawala, ukaitwa Ragusa. Watu wake waliishi kwa biashara ya merikebu, na majirani wenye nguvu waliutamani. Basi, karne kwa karne, wakauzungushia ukuta wa mawe. Hata leo umesimama: urefu wake unakaribia kilometa 2, na mahali pengine kimo chake kinafika meta 25.

Nje kidogo, juu ya jabali, kuna ngome ya Lovrijenac. Sikilizeni vizuri namna ilivyojengwa. Kuta zinazoelekea nje zina unene unaofika meta 12. Lakini ukuta unaoelekea mji una sentimeta 60 tu. Kwa nini? Wazee wa mji waliogopa kwamba siku moja mkuu wa ngome angewageuzia mizinga watu wake mwenyewe. Kama angejaribu, ukuta ule ungevunjwa upesi. Tena mkuu huyo alibadilishwa kila mwezi. Hata knez, ndiye mkuu wa mji, alitawala mwezi mmoja tu.

Wala hawakutegemea mawe peke yake. Tangu 1458 walimulipa sultani wa Waturuki kodi kila mwaka, wakatuma wajumbe, wakafanya mapatano. Hivyo walilinda uhuru wao mpaka Wafaransa wa Napoleon walipoufuta mwaka 1808.

Mwaka 1991 vita ya Yugoslavia ilifika pale. Tarehe 6 Desemba makombora yaliangukia mji wa kale; watu walikufa, nyumba ziliungua. Wenye kukimbia vijiji vya jirani walikuwa wamejaa mjini, na watu wakajificha ndani ya ngome za kale. Mawe yaliwakinga.

Ninyi munaotafuta ulinzi, jiulizeni hivi: yule tunayemupa bunduki atulinde, akitugeuka, nani atamuzuia? Atakaa kwa kazi hiyo siku ngapi? Nani atamuondoa? Muulizane maneno hayo barazani, mbele ya watu wote, kabla ya bunduki kutolewa. Wazee wa Ragusa waliuliza mapema, wakati wa kujenga.

Mubaki na amani.