Ngoma za Lamu: zipi huchezwa wapi, na nani atazirithi?

Kila Mfungo Sita ukikaribia huulizwa swali lile lile, na wageni wa bara na hata vijana wetu wa Mombasa: zile ngoma za Lamu ni za Maulidi au za tamasha?

Ni mambo mawili. Maulidi ya Lamu ni ibada, na kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha alioasisi Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19. Ndani hupigwa matwari na kusomwa kasida. Goma na kirumbizi ni za nje, uwanjani. Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa Novemba, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Mji wa Kale ulipoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia (2001). Huko kuna mashindano ya majahazi, mbio za punda, bao, na jioni ngoma.

Kirumbizi ndiyo ivutayo macho. Zumari hulia, wanaume wawili huingia duarani na fimbo, mmoja akipiga mwenziwe hukinga. Mgeni hudhani wanagombana. Goma ni kinyume chake: safu ya wanaume wenye kanzu na kofia, bakora mkononi, mwendo wa taratibu mno. Goma haina haraka, na hapo ndipo jukwaa linapoiumiza. Nimeona kikundi kikipewa dakika chache, kikashushwa kabla wachezaji hawajakolea. Mtazamaji huondoka akisema goma inachosha. Hajaiona bado!

Upande wa akina mama kuna vugo, ngoma ya harusi ipigwayo kwa pembe na vijiti, na lelemama. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana vikali karne iliyopita, hata mwanahistoria Margaret Strobel akaviandikia katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Mafumbo ya nyimbo hizo mengi yalikaa vichwani mwa waimbaji, na bibi akifariki huenda nayo. Siku hizi harusini hukodiwa spika.

Isukuti ya Waluhya iliingia mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa maoni yangu lelemama nayo yastahili kuombewa nafasi hiyo.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni zumari. Mpigaji hujaza mashavu hewa na kuvuta pumzi kwa pua huku akiendelea kupuliza, sauti isikatike. Ufundi huo haujifunzwi kwa wiki moja ya tamasha. Kamati hupata fedha za mahema na vipaza sauti. Sehemu yake ingetosha kumlipa fundi mmoja wa zumari akae na vijana watatu au wanne mwaka mzima, jioni baada ya madrasa.