Kuyeyuka, Kumumunyika na Kurejesha: Tanuru za Biharamulo na Istilahi za Kemia

Kazi ya kuunda istilahi haiishii katika kulipatia kila neno geni neno la Kiswahili. Mara nyingi shida si upungufu wa maneno, bali ni neno moja kubebeshwa mizigo mingi. Neno kuyeyuka ni mfano ulio wazi. Barafu huyeyuka juani; sukari huyeyuka katika chai; mbale ya chuma, twasema, huyeyushwa katika tanuru; na mdaiwa asiyeonekana tena, watu husema ameyeyuka. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna linaloharibika. Katika darasa la kemia, hata hivyo, haya ni mambo manne mbalimbali, na mwanafunzi asiyeweza kuyatenganisha bado amesimama nje ya mlango wa elimu hiyo. Katika makala haya twakusudia kulipima neno hilo kwa kutumia historia ya madini katika wilaya za Biharamulo na Ngara, Mkoani Kagera.

Kabla ya chuma cha viwanda vya Ulaya kuenea, nchi ya Uzinza, ambayo leo imo katika sehemu za Biharamulo, Chato na Geita, ilisifika kwa mafundi wake wa chuma walioitwa Warongo. Majembe yao yaliuzwa hadi Usukuma, na hayakuwa zana za kulimia tu, kwani yalitumika pia katika kutoa mahari. Kaskazini mwao, huko Buhaya, uchimbuzi wa mambo ya kale umethibitisha kwamba chuma kilikuwa kikitengenezwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wakiijua kazi hiyo walijenga tena tanuru mbele ya mtaalamu Peter Schmidt na wenzake, na ufundi wao ukaandikwa. Wataalamu wameendelea kubishana juu ya kiwango cha joto kilichofikiwa katika tanuru hizo, lakini hakuna anayebisha kwamba chuma kilipatikana.

Je, kilipatikana kwa kuyeyushwa? Hapo ndipo neno letu linapotupotosha. Chuma safi huyeyuka kwenye joto la sentigredi 1,538. Tanuru ya namna hiyo kwa kawaida haikuhitaji kuufikia ukali huo. Kilichoyeyuka, kwenye joto la karibu sentigredi 1,200, ni ile takataka ya mawe ambayo wahenga waliiita, bila kuona haya, mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki kigumu, pande moja lenye vitundu kama sifongo, ambalo mhunzi alilipasha moto na kulifua kwa nyundo mpaka likashikamana.

Kitendo kikuu cha tanuru, basi, kilikuwa kingine kabisa. Mbale ni kampaundi: ndani yake atomu za chuma zimefungamana na atomu za oksijeni. Hewa ya mivukuto huyafanya makaa yaungue na kutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo huipokonya mbale oksijeni yake, ikageuka kuwa kaboni dioksidi na kwenda zake, na chuma hubaki peke yake. Hesabu yake ni timilifu. Kilo 160 za mbale safi ya aina ya hematiti, zikikutana na kilo 84 za kaboni monoksidi, hutoa kilo 112 za chuma na kilo 132 za kaboni dioksidi. Jumla kabla ni kilo 244, na jumla baada ni kilo 244. Hakuna kilichoongezeka wala kupotea. Atomu zimebadilishana wenzi tu. Hili ni badiliko la kikemia. Barafu ikiyeyuka, maji hubaki kuwa maji: hilo ni badiliko la kimaumbile. Msingi wa kemia yote umo katika tofauti hiyo, na sentensi "mbale imeyeyushwa ikawa chuma" huifuta tofauti hiyo kwa neno moja.

Yafaa tukumbuke kwamba Ulaya nayo ilipitia shida hii. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake watatu walichapisha huko Ufaransa utaratibu mpya wa majina ya kemia, kwa kuwa waliona kwamba elimu haiwezi kunyooka iwapo lugha yake imepinda. Hata hivyo jina la oksijeni, ambalo maana yake ni kizaa asidi, lilijengwa juu ya dhana iliyokuja kuonekana kuwa si sahihi: Davy alionyesha mwaka 1810 kwamba iko asidi isiyo na oksijeni. Na istilahi ya Ulaya kwa kitendo cha kuondoa oksijeni yatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kurudisha, maana mafundi wa tanuru waliona kwamba metali inarudishwa katika hali yake. Wenzetu, basi, waliokota istilahi yao kando ya tanuru. Sisi tunazo tanuru zetu.

Tukitoka Biharamulo na kwenda magharibi hadi Ngara, twakutana na mzigo wa pili wa neno hili. Huko Kabanga imo akiba kubwa ya nikeli iliyofungamana na salfa. Mkataba wa mwaka 2021 kati ya Serikali na wawekezaji ulihusu pamoja na mgodi kiwanda cha kusafishia madini huko Kahama, kwa njia ambayo haitumii tanuru: mbale hutiwa katika majimaji pamoja na oksijeni chini ya kani kubwa, hata metali ikaingia katika majimaji hayo. Mwandishi akisema nikeli "itayeyushwa", msomaji atafikiri moto na moshi, kumbe jambo lenyewe ni kumumunyika.

Mzigo wa tatu ndio wenye hatari. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wa Biharamulo wakiwamo, hutumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo. Zebaki haionekani tena, na watu husema imeyeyuka, yaani imetoweka. Lakini zebaki ni elementi, na moto wa fundi hauwezi kuiangamiza elementi. Imegeuka mvuke tu; mvuke huo huingia katika mapafu ya aliye karibu, na unaobaki hupoa na kutua juu ya udongo na maji. Neno lisilo sahihi hapa huficha sumu.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Msingi, basi, upo. Linalotakiwa ni kuutumia kwa nidhamu. Twapendekeza kuyeyuka kuachiwe yabisi inayogeuka kimiminiko kwa joto, na kumumunyika kuwe kwa kitu kinachoingia katika kimiminiko kikafanya mmumunyo. Kuvukiza kutumike kwa kinachogeuka mvuke, na kuchenjua, neno ambalo migodi yetu imekwisha kulizoea, libaki jina la jumla la kutenga madini na mawe. Kwa kitendo cha tanuru twaleta mbele ya wataalamu neno kurejesha, liwe kinyume cha kuoksidisha. Jembe lililoachwa mvuani hushika kutu, yaani chuma hufungamana na oksijeni. Tanuru ya Mrongo ilikirejesha chuma kutoka katika kifungo cha namna hiyo hiyo. Mwanafunzi wa Ngara aliyekwisha kuiona kutu ya jembe amekwisha kuiona nusu ya somo. Kazi yetu ni kumpa maneno yatakayomwonyesha nusu ya pili.