Parokia ya Regina Mundi, Soweto: Kanisa Lililofungua Milango Wakati wa Ubaguzi wa Rangi

Regina Mundi, yaani Malkia wa Ulimwengu, ni kanisa la parokia lililopo Rockville, Soweto, katika Jimbo Kuu Katoliki la Johannesburg, Afrika Kusini. Lilifunguliwa mwaka 1962, nalo huhesabiwa kuwa kanisa Katoliki kubwa kuliko yote nchini humo. Hata hivyo, wengi hulifahamu kwa ajili ya matundu ya risasi ambayo hadi leo yanaonekana ndani yake.

Ushuhuda wa parokia hii hauwezi kutenganishwa na udhaifu wa Kanisa lenyewe. Mwaka 1957 Maaskofu Katoliki wa Afrika Kusini walitamka kwamba siasa ya kutenganisha watu kwa rangi ni uovu kwa asili yake. Katika tamko hilohilo walikiri kuwa utengano ulikuwamo pia katika shule, seminari, nyumba za watawa na hospitali za Kanisa, na kwamba kuulaani nje huku ukivumiliwa ndani ni unafiki. Maneno yalikuwa mazito, lakini utekelezaji ulikwenda polepole. Januari 1970 mapadre watano weusi, miongoni mwao Padre Smangaliso Mkhatshwa, walitoa malalamiko yao gazetini: padre mweusi aliendelea kutendewa kama msaidizi tu, katika Kanisa ambalo wengi wa waamini wake walikuwa weusi. Sisi mapadre hatufurahii kuyasoma hayo, lakini ni sehemu ya historia yetu.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo kwa Kiafrikana, lugha waliyoiona kuwa ya watawala wao. Polisi waliwafyatulia risasi. Baadhi ya vijana walikimbilia Regina Mundi, wakiamini kwamba nyumba ya Mungu ingewasitiri. Polisi wakawafuata humo humo na kuendelea kufyatua. Wapo waliojeruhiwa, ingawa hakuna aliyeuawa ndani ya kanisa. Marumaru ya altare ilivunjwa.

Katika miaka iliyofuata, serikali ilipiga marufuku mikutano ya hadhara, na ibada, hasa mazishi, zikabaki miongoni mwa nafasi chache za watu kukusanyika. Misa ya kumwombea marehemu iliweza kugeuka kuwa mkutano wa wananchi. Polisi walijua, na mara kwa mara walifika na mabomu ya machozi. Yeyote aliyewahi kuwa paroko anafahamu uzito wa ufunguo wa kanisa: anawajibika kulinda mahali patakatifu, na papo hapo anatazamana na watu wasio na mahali pengine pa kulilia wafu wao. Regina Mundi ilichagua kufungua. Uamuzi huo haukuwa wa mara moja. Ulirudiwa kila jeneza jipya lilipoletwa.

Ndani ya kanisa hilo imo picha ya Bikira Maria mweusi akiwa na Mtoto Yesu, iliyochorwa na Larry Scully mwaka 1973 katika kampeni ya kuchangia elimu ya vijana weusi. Kwa watu walioambiwa na sheria kwamba rangi yao ni pungufu, picha hiyo ilifundisha katekesi nzima bila neno. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulikuwa umekwisha kufundisha, katika hati ya Gaudium et Spes namba 29, kwamba ubaguzi wowote wa rangi ni kinyume cha mpango wa Mungu.

Matokeo ya Juni 1976 yalifika hadi kwetu Tanzania. Vijana wengi walikimbilia uhamishoni, na baadhi yao walisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya chama cha ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi mwaka 1979.

Baada ya utawala huo kuanguka, Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Mkuu wa Kianglikana Desmond Tutu, ilikuja Regina Mundi kusikiliza ushuhuda. Wazazi walisimulia habari za watoto wao mbele ya altare ileile. Mwaka 1997 Rais Nelson Mandela aliitangaza tarehe 30 Novemba kuwa Siku ya Regina Mundi. Parokia imeyaacha matundu ya risasi yaonekane, na waamini huadhimisha Misa ya Jumapili chini yake.