Safu ya Lugha: Garimoshi na Kichwa cha Mvuke
Wanaokusanya picha za miaka ya mwisho ya reli ya mvuke huandika "garimoshi" chini ya kila picha. Neno hilo, lililotokana na gari la moshi, ni jina la treni nzima, mabehewa na yote; mashine inayoyavuta ni kichwa. Tena moshi hauthibitishi kitu: kichwa cha dizeli nacho hufuka. Mtasema maneno hupanuka, na kweli hata treni ya umeme huitwa garimoshi bila kosa. Lakini picha ni ushahidi, na maelezo yake yataje hasa kinachoonekana. Chukueni mfano: Namba 5918, Mount Gelai, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, ni kimoja cha vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa Manchester. Kufikia 1980 vyote vilikuwa vimestaafishwa, hivyo namba na mwaka wa picha vina uzito. Basi andikeni: kichwa cha mvuke, namba, stesheni, mwaka.